Eyam, kijiji kilichojifungia tauni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wageni

Jina linatamkwaje, na kijiji chenyewe kiko wapi?

Tamka "Iim", silabi moja. Kiko Derbyshire, katikati ya Uingereza, kama kilomita 20 kusini-magharibi mwa jiji la Sheffield. Wakazi ni takriban elfu moja. Nyumba ni za mawe ya kijivu, nyingi zimejipanga kando ya barabara moja ndefu iliyokatiza mteremko. Juu, upande wa kaskazini, kuna ukingo wa mawe ya mchanga uitwao Eyam Edge. Chini, upande wa kusini, ni mabonde ya mawe ya chokaa.

Kijiji kimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Peak District, ya kwanza kutangazwa nchini humo, mwaka 1951. Neno hifadhi linaweza kumpoteza mtu aliyezoea Serengeti au Tsavo. Hapa hakuna geti, hakuna askari wa wanyamapori, hakuna kiingilio. Watu wanaishi humo, wanafuga kondoo, watoto wanakwenda shule. Kinachohifadhiwa ni sura ya nchi: huwezi kujenga wala kubomoa ovyo.

Nini hasa kilitokea hapa mwaka 1665?

Mwishoni mwa Agosti mwaka huo, mzigo wa vitambaa uliwasili kutoka London, ambako tauni ilikuwa inaua maelfu kila wiki. Ulikuwa wa fundi nguo aitwaye Alexander Hadfield. Msaidizi wake, George Viccars, aliufungua akakuta vitambaa vina unyevunyevu, akavianika mbele ya moto. Kwa maelezo yanayokubalika zaidi, viroboto waliojificha kwenye mikunjo walizinduka kwa lile joto. Kufikia tarehe 7 Septemba Viccars alikuwa ameshakufa. Wiki mbili baadaye akafuata mtoto mdogo wa nyumba hiyo hiyo, Edward Cooper, kisha majirani. Oktoba pekee daftari la kanisa lina vifo 23.

Baridi ilipoingia vifo vilipungua, na Mei 1666 watu walianza kuvuta pumzi wakidhani yameisha. Yalikuwa hayajaisha. Juni ugonjwa ulirudi na nguvu mpya, Julai vikawa vifo zaidi ya 50, Agosti zaidi ya 75. Wa mwisho kuhesabiwa ni Abraham Morten, tarehe 1 Novemba 1666. Kwa mzigo mmoja wa vitambaa, miezi 14.

Ukisoma tarehe hizi kwenye vibao vya kijijini, kumbuka ni za kalenda ya zamani ya Kiingereza, iliyokuwa nyuma ya kalenda yetu ya leo kwa siku 10. Kwa hiyo "7 Septemba" ya Viccars kwetu ni 17 Septemba.

Nani aliamua kijiji kijifunge?

Makasisi wawili ambao kwa kawaida wasingeketi meza moja. William Mompesson alikuwa kasisi rasmi, kijana wa miaka 28 hivi, mgeni aliyefika mwaka 1664 na ambaye wanakijiji walikuwa hawajamzoea. Thomas Stanley alikuwa mtangulizi wake, Mpuritani, yaani Mprotestanti wa msimamo mkali, aliyeondolewa kazini mwaka 1662 kwa kukataa utaratibu mpya wa ibada baada ya ufalme, uliokuwa umeondolewa, kurudishwa. Stanley bado alikuwa akiishi Eyam, na watu walimsikiliza. Bila yeye, Mompesson angehubiria viti.

Juni 1666 wawili hao waliwaeleza watu mambo matatu. Kwanza, mazishi ya kanisani yakome: kila familia izike watu wake, kwenye bustani au shamba, haraka iwezekanavyo. Pili, kanisa lifungwe na ibada ihamie nje, kwenye bonde la Cucklet Delf, kila familia ikae mbali na nyingine. Tatu, na ndilo lililokipa kijiji jina, mtu asitoke nje ya mipaka wala wa nje asiingie. Erli wa Devonshire, bwana mkubwa mwenye ardhi aliyekuwa akiishi Chatsworth, kilomita chache kusini-mashariki, aliahidi kuwapelekea chakula na mahitaji mengine ili wasipate sababu ya kutoka.

Msomaji Mwislamu atakuwa ameshakumbuka hadithi ya Mtume inayokataza kuingia nchi yenye tauni na kutoka humo ukiwa ndani. Hata neno tunalotumia, tauni, ndilo lililomo katika hadithi hiyo. Wazo la kujifungia, basi, lilikuwa na umri wa miaka elfu moja kabla ya Eyam. La ajabu hapa ni kwamba kijiji kizima kilijifunga chenyewe, bila askari kukizingira.

Kweli wote walikubali kubaki?

Hapa historia na simulizi zinaachana, na vibao vya watalii havisemi kila mara ni kipi ni kipi. Matajiri waliokuwa na pa kwenda, akina Bradshaw kwa mfano, waliondoka mapema kabla ya mpaka kuwekwa. Mompesson mwenyewe aliwapeleka watoto wake Yorkshire. Alitaka na mkewe Catherine aende, akakataa, akafa Agosti 1666. Maskini wengi hawakuwa na jamaa wa kuwapokea, na kijiji jirani kingewafukuza kwa mawe. Ukiyaweka haya pamoja, ujasiri haupotei, ila unaona kwamba ulichanganyika na kukosa njia.

Mengi ya masimulizi matamu zaidi yaliandikwa au kupambwa katika karne ya 19. Kisa cha Emmott Sydall wa Eyam na mchumba wake Rowland Torre wa Stoney Middleton, waliokuwa wakitazamana kwa mbali bondeni hadi siku Emmott alipokosekana, kimewekwa hata kwenye dirisha la vioo la kanisani. Kisikilize kama simulizi. Barua za Mompesson za Septemba na Novemba 1666, kwa upande mwingine, ni ushahidi wa mtu aliyekuwapo.

Walikufa wangapi?

Hesabu inayotajwa sana ni 260. Mompesson aliandika 259, kutoka familia 76. Ugumu uko kwenye swali la pili: kati ya wangapi? Simulizi ya zamani inasema kijiji kilikuwa na watu 350 na walionusurika ni 83. Watafiti wa sasa, kwa kutumia kodi na daftari za kanisa, wanaweka idadi ya wakazi karibu na 700 au zaidi. Hata kwa hesabu hiyo, ni zaidi ya mtu mmoja kati ya kila watatu.

Karantini ilisaidia au iliwaua?

Yote mawili. Vijiji vya jirani havikupata mlipuko kama huo, na hilo si jambo dogo. Ndani ya mpaka, kukaa pamoja kuliwapa viroboto na chawa watu wa karibu wa kuwahamia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofuatilia vifo nyumba kwa nyumba, ulikadiria kwamba karibu robo tatu ya maambukizi yalipita kutoka mtu hadi mtu, na robo tu ndiyo iliyotoka moja kwa moja kwa panya na viroboto wao. Ndiyo maana unaona familia zikimalizika moja baada ya nyingine, na nyumba ya pili yake ikisalimika.

Uamuzi wa kuzika nyumbani na kusali nje ulikuwa na akili zaidi kuliko wenyewe walivyojua. Ugonjwa uliposimama, Mompesson alisimamia kuchoma nguo na matandiko na kufukiza nyumba, akianza na vitu vyake. Hiyo nayo ilikuwa hatua sahihi, ingawa ilichelewa.

Nikiwa na saa nne tu, nitembee vipi?

Anzia magharibi umalizie mashariki, usirudi nyuma mara mbili. Maegesho ya kulipia yako Hawkhill Road, mkabala na makumbusho. Anza humo: tenga saa nzima. Jengo lilikuwa kanisa la Wamethodisti, na kielekezo cha upepo kwenye paa lake kina umbo la panya. Ndani utapata mtiririko wa familia kwa familia, ambao ukiuelewa, kila kibao cha nje kitakuwa na uso. Wengi hufanya kinyume, wakaanza na vibao, wakafika makumbusho miguu imechoka na dakika 20 zimebaki kabla ya kufungwa. Makumbusho hufungwa majira ya baridi, na hata katika msimu si kila siku ya wiki, kwa hiyo tazama kalenda yao kabla ya kukata tiketi ya treni.

Ukitoka, shuka hadi barabara kuu, geuka kushoto, yaani mashariki, ufuate Church Street. Utapita Eyam Hall, nyumba ya familia ya Wright iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1670, wakati kijiji bado kinahesabu walioondoka. Mbele yake, kwenye uwanja mdogo wa majani, kuna mkatale wa kufungia miguu ya wahalifu. Watoto hupenda kupigwa picha hapo.

Kisha nyumba za tauni, zimebanana kwa safu karibu na kanisa. Moja ndiyo alimofia Viccars. Kibao chake kinasema kwamba Mary Hadfield, mke wa yule fundi nguo, alinusurika lakini akapoteza jamaa 13. Soma polepole, halafu endelea kanisani (angalau dakika 40), na kutoka hapo hadi uwanja wa The Square. Kwenye saa nne, muda uliobaki unatosha jambo moja la mashambani: ama jiwe la mpaka, ama makaburi ya Riley (yote mawili yameelezwa hapa chini). Usijaribu yote.

Kuna nini cha kuona kanisani?

Kanisa ni la Mtakatifu Laurensi. Uwanjani, kabla hujaingia, kuna msalaba wa mawe wa Wasaksoni, wa karne ya 8 au 9, wenye nakshi za malaika na mizabibu inayojisokota. Una urefu wa mita mbili na nusu hivi, na ungekuwa mrefu zaidi kama kipande cha mhimili wake kisingepotea. Karibu yake ni kaburi la Catherine Mompesson. Ni mmoja wa wachache waliozikwa uwanjani katika miezi ile mibaya, na hilo pia ni jambo la kufikiria.

Ukutani juu ya mlango mdogo wa upande wa kusini tafuta saa ya jua ya mwaka 1775. Si ile ya kawaida ya kivuli na namba tu: ina mistari ya miezi, na majina ya sehemu za mbali za dunia, ili mtu wa Derbyshire ajue ni wakati gani huko. Siku yenye jua itazame kwa dakika kumi uone kivuli kinavyosogea. Siku ya mawingu, ambazo ni nyingi, itazame hivyo hivyo.

Ndani kuna kiti cha Mompesson, orodha ya majina ya waliokufa, michoro ya rangi ya ukutani ya karne ya 17 yenye alama za makabila ya Israeli, na kabati ambalo inasemekana limetengenezwa kwa mbao za sanduku lililoleta vitambaa. Hilo la kabati ni "inasemekana" kwelikweli. Dirisha la tauni, la mwaka 1985, linakusimulia yote kwa picha: Viccars akifungua mzigo, makasisi wawili pamoja, wale wachumba wa bondeni.

Kabla ya kutoka, tafuta kaburi la Harry Bagshaw, mchezaji wa kriketi wa Derbyshire aliyekufa mwaka 1927. Jiwe lake lina vijiti vya kriketi vilivyoangushwa na mpira, na juu mkono wa refa ulionyoosha kidole. Katika kriketi, kidole hicho maana yake ni moja: umetolewa, nenda. Baada ya majina yale yote, mtu hucheka bila kutaka.

Jiwe la mpaka liko wapi, na yale matundu ni ya nini?

Kutoka The Square fuata barabara iitwayo Lydgate. Muda mfupi utayaona, upande mmoja, makaburi mawili ndani ya ua wa mawe: George Darby na binti yake Mary, wote wa mwaka 1666. Barabara inageuka njia ya miguu kuelekea Stoney Middleton. Tembea kama dakika 15 hadi 20 kupitia malisho ya kondoo. Utavuka kuta kwa ngazi nyembamba za mawe.

Jiwe lenyewe ni bonge la jiwe la mchanga, pana na fupi, linalokufikia magotini. Usitarajie mnara. Juu yake kuna matundu sita. Wanakijiji waliweka sarafu ndani yake pamoja na siki, watu wa nje wakaacha chakula na dawa, kila upande ukiondoka kabla mwingine hajafika. Siki iliaminiwa kusafisha pesa. Sarafu hazikuwa ndiyo njia kuu ya tauni, maana viroboto hawakai kwenye shaba, lakini kutokutana uso kwa uso ndiko kulikokuwa kinga. Leo wageni huacha sarafu ndogo matunduni. Si lazima, wala si kosa. Ukiingiza kidole utaona kingo zimelainika, kwa mvua na kwa vidole vya wenzako.

Kosa la kawaida ni viatu. Udongo wa hapa hukaa na maji, na kwenye milango ya mashamba ng'ombe huukanyaga ukawa tope la kufika kifundoni, hata Juni. Viatu vya raba vyenye soli laini vitakuangusha kwenye mteremko wa kurudi.

Na makaburi ya Riley?

Ni kama kilomita moja mashariki mwa kijiji, juu ya kilima, ndani ya ua wa mawe wa mviringo katikati ya shamba. Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto wao sita hapa, kati ya tarehe 3 na 10 Agosti 1666. Siku nane. Alichimba mwenyewe, akawaburuta mwenyewe, kwani jirani yeyote aliyemsaidia angekuwa anajiitia kifo. Watu wa Stoney Middleton, inasimuliwa, walimwona kutoka upande wa pili wa bonde. Baadaye alikwenda kwa mwanawe mmoja aliyebaki, aliyekuwa akijifunza kazi Sheffield.

Sehemu hii inatunzwa na National Trust, shirika la hisani la kuhifadhi maeneo ya kihistoria, iko wazi wakati wote na hailipiwi. Ukuta ulijengwa baadaye, kwa hiyo usidhani kila mtu amelala penye jiwe lake hasa. Usikalie mawe. Njia ni mwinuko wa kutosha kukuhemesha, lakini haihitaji vifaa vya kupandia. Jioni, jua likiwa magharibi, maandishi husomeka vizuri zaidi kuliko mchana, kwa sababu mwanga wa ubavuni hutia kivuli kwenye herufi.

Kisima cha Mompesson kinastahili safari?

Kwa mtembea kwa miguu, ndiyo. Kwa mwenye haraka, hapana. Kiko kaskazini, juu ya Eyam Edge, mwendo wa nusu saa au zaidi wa kupanda. Ni chemchemi ndogo iliyojengewa mawe, ambako nako chakula na bidhaa viliachwa. Wanaofika kwa gari hushuka, hutazama, husema "ndiyo hiki?" wakaondoka. Wanaofika kwa miguu wanakuwa wameshapata malipo yao njiani, kwa kutazama kijiji chote kikiwa chini yao. Usinywe maji yake.

Cucklet Delf huingilika?

Ni bonde dogo magharibi mwa kanisa lenye matao ya asili ya mawe ya chokaa. Ni ardhi ya mtu, kwa hiyo fuata alama na ufunge kila lango ulilofungua. Siku ya kwenda ni Jumapili ya mwisho ya Agosti, Jumapili ya Tauni, watu wanapofanya ibada hapo. Ukumbusho huo ulianza mwaka 1866, miaka 200 baada ya msiba. Siku hiyo huwekwa pia shada la maua kwenye kaburi la Catherine. Msongamano wa magari ni mkubwa. Fika mapema au kwa basi.

Visima vinapambwaje, na ni lini?

Ni mwishoni mwa Agosti, wiki hiyo hiyo. Desturi ya kupamba visima ni ya Derbyshire nzima. Kila kijiji kina wiki yake kati ya Mei na Septemba. Eyam ina sababu ya kujali maji: mwaka 1588 ilivuta maji ya chemchemi hadi kwenye mabirika ya mawe kijijini, mapema sana kwa kijiji cha Uingereza, na baadhi ya mabirika hayo bado yapo barabarani.

Kazi yenyewe ni hivi. Chukua ubao mpana wenye kingo, uliopigiliwa misumari mingi isiyozama hadi mwisho, ili vichwa vyake vishike udongo. Ubao hulowekwa mtoni au bwawani siku kadhaa, kwani ubao mkavu hunyonya maji ya udongo. Udongo mfinyanzi hukandwa na maji na chumvi. Chumvi husaidia usikauke upesi. Hukandwa kwa miguu hadi uwe kama ugali laini usio na madonge, kisha hupakwa unene wa sentimita mbili au tatu.

Picha iliyochorwa kwenye karatasi hutandazwa juu, na mistari yake hutobolewa kwa sindano mpaka alama zibaki kwenye udongo. Karatasi huondolewa. Mistari hufuatishwa kwa vitu vigumu: mbegu, punje za kahawa, matunda makavu ya mti wa alda. Ndipo petali hujazwa, moja moja, kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikilalia iliyo chini yake kama makuti ya paa. Anayeanza juu mvua humwonyesha kosa lake: maji huingia nyuma ya petali na kuzing'oa.

Hukaa wiki moja hivi. Jua kali ni adui mkubwa kuliko mvua, maana udongo hupasuka na rangi ya bluu hufifia kwanza. Ukitaka kuona uzuri wenyewe, nenda siku mbili za mwanzo. Na ukiweza, nenda siku za kabla, wakati wapambaji wameinama juu ya mbao. Mara nyingi huwa hawachukii kutazamwa.

Kabla ya tauni na baada yake kijiji kiliishi kwa nini?

Kwa madini ya risasi. Warumi waliyachimba eneo hili, na karne ya 18 mshipa tajiri uliogunduliwa juu ya kijiji uliwanufaisha sana makasisi wa Eyam, waliolipwa sehemu ya kila kilichochimbwa. Baadaye zikaja karakana za hariri na viatu. Mshairi Anna Seward, aliyejulikana kote Uingereza katika zama zake, alizaliwa hapa mwaka 1742, binti wa kasisi. Ukitembea Eyam Edge usiache njia: mashimo ya zamani ya migodi yamo vichakani, na si yote yaliyozibwa vizuri.

Nifikeje bila gari?

Kutoka London panda treni St Pancras hadi Sheffield, saa mbili na kitu. Kutoka hapo kuna mabasi machache kwa siku yanayopita Eyam kuelekea Buxton. Jumapili hupungua zaidi.

Njia ya pili ni treni ya Hope Valley, kati ya Sheffield na Manchester, ushukie Grindleford. Hapa ndipo wengi hukosea, tena mara mbili. Kwanza, treni za haraka hazisimami Grindleford. Ukipanda ya haraka utajikuta Manchester. Soma orodha ya vituo, usiangalie mwisho wa safari tu. Pili, kituo hakiko kijijini Grindleford bali zaidi ya kilomita moja kutoka hapo, kwenye mdomo wa handaki la Totley, lenye urefu wa karibu kilomita 5.7. Kutoka kituoni hadi Eyam ni mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili, mwingi wake kupanda. Chukua ramani ya karatasi, Explorer OL24, kwa sababu mtandao wa simu hupotea mabondeni.

Raia wa Tanzania na Kenya huhitaji viza ya kuitembelea Uingereza, nayo huombwa mtandaoni kabla ya safari.

Mwezi gani ni mzuri, na nivae nini?

Mei hadi Septemba. Juni mwanga hubaki mpaka baada ya saa tatu usiku kwa saa zetu. Desemba giza huingia saa kumi jioni, na makumbusho yamefungwa. Joto la Agosti ni kama asubuhi ya Lushoto, na upepo wa kule juu hupunguza zaidi. Koti lisilopitisha maji libebwe hata ukiona anga safi. Mwavuli hugeuzwa na upepo.

Chakula, vyoo, watoto, kiti cha magurudumu?

Migahawa ya chai hufungwa alasiri, mara nyingi kufikia saa kumi na moja kwa saa zetu. Vyoo vya umma viko karibu na maegesho. Nyama ya halali usitegemee kijijini. Kula Sheffield, yenye jamii kubwa ya Wayemeni, Wasomali na Wapakistani, au agiza samaki na mboga. Church Street inapitika kwa kiti cha magurudumu, ingawa njia ya pembeni hubanwa sehemu nyingine. Jiwe la mpaka na Riley havipitiki, kwa zile ngazi za kuta.

Naweza kupiga picha nyumba za tauni?

Kutoka barabarani, ndiyo. Lakini zina watu: kuna taulo kwenye kamba, kuna mtu anakunywa chai dirishani. Usifungue lango, usichungulie, usimsimamishe mwenye nyumba akueleze habari za Viccars. Ameshaulizwa.

Je, kuna hatari ya kuambukizwa leo?

Eyam, hapana. Tauni kwa ujumla bado ipo, na msomaji wetu yuko karibu nayo kuliko Mwingereza: imewahi kuzuka Lushoto, West Nile nchini Uganda, na Ituri nchini Kongo. Nairobi nayo ilichoma soko lake la Wahindi mwaka 1902 kwa sababu yake. Tofauti na 1665 ni kwamba tunajua kisababishi, bakteria aliyetambuliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894, na tuna dawa za antibiotiki zinazoponya zikianza mapema. Homa ya ghafla na mtoki wenye maumivu makali kinenani au kwapani, mahali ambapo panya wamekuwa wakifa, ni sababu ya kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo.

Nikipata siku ya pili niende wapi?

Shuka Stoney Middleton kwa miguu, kijiji kilichokuwa upande wa pili wa jiwe; kanisa lake lina umbo la pembe nane, jambo adimu Uingereza. Au nenda Chatsworth, nyumba ya yule Erli aliyetuma chakula. Kiingilio chake ni ghali, bustani peke yake inatosha kukumaliza siku. Ikiwa ni Jumatatu, pitia Bakewell, siku ya soko.